Kibali Nilichosema Kimepotea

Bariadi, saa tisa alasiri

Mwanangu Minza,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekula viazi viwili ukaacha cha tatu, umebadilisha gauni mara mbili, na sasa uko kwa shangazi yako unaaga. Najua hutarudi mpaka akupikie. Hali yangu mimi ndiyo huijui, na ndiyo iliyonikalisha mezani, mzee mzima, nang'oa karatasi kwenye daftari lako la zamani la hesabu.

Sitakuandikia namna ya kufunga sanduku wala namna ya kuishi na watu. Hayo shangazi yako anakumiminia hivi sasa, na kesho atayarudia kituoni mbele ya abiria wote. Mimi nina jambo moja tu. Kesho unakwenda Morogoro kuanza kazi ya ukarani wa mzani wa malori, na mpaka upate chumba chako utalala nyumbani kwa mjomba wako Shija. Siwezi kukuacha uingie katika nyumba ile, ule ugali wa yule mtu, huku kichwani umebeba habari zake ulizozipata kwangu. Habari zile ni za uongo, Minza. Na mwenye uongo ni mimi.

Unachojua wewe ni hiki: mjomba wako alikuwa fomeni wa barabara huku kwetu, akapewa dume la ng'ombe na tajiri wa kinu cha pamba ili apitishe mzigo mzito, daraja likaharibika, akafukuzwa kazi, akahama kwa aibu. Habari ya dume sikuianzisha mimi. Waliizua watu kilabuni. Lakini ilipita mbele yangu mara nyingi nimekaa kwenye kiti hiki hiki, na kila mara niliiacha ipite, na baadaye nikaanza kuitikia kwa kichwa.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuruhusiwa. Zamani pamba yote ilinunuliwa na ushirika, ukitaka usitake. Ghafla kila mwenye mtaji akawa mnunuzi wa pamba, na mwenye mtaji mkubwa akajenga kinu. Malori yalijaa barabarani, mengine yameshindiliwa mpaka matairi yanalia. Mimi wakati huo nilikuwa naendesha lobedi, lile tela refu la chini linalobeba mitambo. Madereva wa lobedi tulikuwa wachache, na nilitembea mjini hapa kifua mbele kama vile nimelitengeneza tela lile mwenyewe. Mama yako alikuwa ananicheka. Alisema nikishuka kwenye gari huwa naitazama ardhi kama natafuta mtu wa kunipokea.

Tajiri mmoja aliyekuwa anajenga kinu karibu na hapa akaniajiri nimletee injini kutoka Mwanza. Mzigo wa namna ile hauruhusiwi kwenda hivi hivi. Utakuja kuvishika vibali vyake mpaka uvichoke, lakini acha nikueleze kwa lugha yangu. Gari la kawaida lina kikomo chake: uzito wa kila ekseli na uzito wa jumla. Likizidi linashusha, au linalipa na kushusha. Ila injini huwezi kuikata vipande viwili. Kwa hiyo unaombewa kibali maalumu, na kibali kinakuja na masharti. Utembee mchana tu. Uweke bendera nyekundu kila pembe, na gari la kukuongoza likutangulie. Na kila daraja linaandikwa: hili pita katikati peke yako kwa mwendo wa mtu anayetembea, lile usipite kabisa.

Kibali changu kilipigwa chapa katika ofisi ya barabara nakala mbili, moja ikabaki kwenye faili, moja nikapewa. Kilisema madaraja yote kati ya Lamadi na Bariadi napita kwa mwendo wa mtu. Basi.

Mjomba wako alikuwa fomeni wa kipande hicho cha barabara. Ofisini walikuwa wameshagonga muhuri, na fomeni mwingine angekaa nyumbani akanywa chai. Shija akachukua baiskeli, akaenda daraja kwa daraja, akashuka chini ya kila moja akatazama kwa tochi. Kwenye daraja la pili, lile la kuingilia kijijini kwa babu yako mzaa mama, akaona ufa kwenye nguzo. Akapiga baiskeli mpaka Mkula, tulikokuwa tumepumzisha gari, akanikuta asubuhi nanawa uso, tukaamkiana kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu. Lakini daraja la kwa mzee lina ufa. Lete kibali chako."

Akakiweka juu ya boneti, akaandika kwa peni ya buluu pembeni pa ile chapa. Akaweka sahihi na cheo. Akaniambia nakala ya ofisini ataisahihisha akirudi, na kwamba nikifika pale nishuke kwenye mchanga, maana kilikuwa kiangazi na mto ulikuwa mkavu. Yeye angekwenda kutafuta mabua ya mtama ayatandike juu ya mchanga ili tela lisizame. "Nisubiri mpaka saa nane," alisema. "Usiende mchangani bila mabua, na darajani usiende kabisa. Umenisikia, Maduhu?"

Nilimsikia. Nataka uandike hilo kichwani mwako, kwa sababu baadaye nilijifanya sikusikia. Nilimsikia vizuri sana na nikakitia kibali mfukoni mwa shati.

Nilifika saa sita. Na pale, mwanangu, nilikuta kijiji kizima kiko barabarani. Habari za injini zilikuwa zimenitangulia. Walikuwepo watoto wa shule, akina mama wamebeba vifurushi vya pamba kama ushahidi kwamba nao wana ya kuuza, na wacheza ngoma na njuga miguuni. Babu yako alikuwa ameletewa kiti akaketi kando ya daraja. Wewe ulikuwa umekuja na mama yako kumsalimia, una miaka saba, umevaa gauni la njano. Na manju wao, mwimbishaji wa ngoma, aliponiona akaanza kuimba.

Wimbo unaukumbuka kuliko mimi. Uliuimba mpaka darasa la nne, mpaka mwalimu wako akaniuliza tembo gani huyo. Manju aliimba kwa Kisukuma kwamba Maduhu, mkwe wetu, amempakia tembo mgongoni, na daraja linamwogopa. Akalirudia jina langu, na watu wakaitikia. Gari la kuongoza lilikuwa limeshavuka, linanisubiri ng'ambo.

Wewe umekua, unajua sisi tulivyo. Mtu ukiimbwa jina lako na manju mbele ya ukweni, miguu si yako tena. Ningetakiwa nizime gari, nishuke, niseme jamani tusubiri kwa saa mbili, shemeji analeta mabua. Halafu niinamishe lobedi nishuke kwenye mchanga, kule wanakopita ng'ombe wakienda kunywa na mikokoteni ya punda, huku baba mkwe ananitazama. Nilifikiri, nguzo imebeba malori ya pamba msimu mzima, itashindwaje leo? Nilifikiri, Shija anaogopa kila kitu. Ukweli ni kwamba sikufikiri chochote. Nilitaka wimbo uendelee.

Nikapita darajani. Nilikwenda polepole kweli, mwendo wa mtu, na nilikuona umeshika mkono wa mama yako unarukaruka. Usijitwike hilo. Ulikuwa mtoto unamfurahia baba yako, na mimi ndiye niliyekuwa na karatasi mfukoni.

Ekseli za mwisho zilipokuwa zinatoka nilisikia mlio chini, mkavu, kama mtu anavunja kuni. Sidhani kama kuna aliyeusikia zaidi yangu, ngoma ilikuwa inapigwa. Tela likatoka salama. Nilipotazama kwenye kioo daraja lilikuwa limelala upande mmoja.

Ngoma ilinyamaza kidogo kidogo, huyu anaacha, yule anaendelea. Babu yako akainuka kwenye kiti. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo kila Jumapili. Mjomba wako alifika saa nane kasoro, kama alivyosema, na mikokoteni miwili imejaa mabua. Akalitazama daraja, akanitazama mimi. Watu wakaanza kucheka kwamba fomeni ameleta chakula cha ng'ombe. Aliingia chini ya daraja akakaa huko muda mrefu.

Sasa sikiliza sehemu iliyobaki, ndiyo mbaya kuliko daraja. Daraja lilikuwa kosa la mtu anayejisifu. Yaliyofuata niliyafanya nikiwa nimetulia.

Walikuja watu wa ofisi kuuliza. Faili lilikuwa na nakala isiyosahihishwa, maana mjomba wako hakuwahi kupata nafasi ya kurudi ofisini kabla ya mimi kuvunja. Wakaniuliza, fomeni alikupa sharti lolote zaidi ya haya? Nikasema hakunipa. Wakaniuliza, nakala yako iko wapi? Nikasema ilipeperushwa na upepo pale Mkula, imepotea. Ilikuwa nyumbani, ndani ya sanduku la bati, chini ya nguo zako za ubatizo. Shija alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Akawaambia alikagua, akaandika kwa mkono wake, na mabua yale ndiyo ushahidi wake. Wakamwambia mabua si maandishi.

Miaka ile ofisi za serikali zilikuwa zinapunguza wafanyakazi, na kila ofisi inatafuta majina ya kuandika. La kwake likaandikwa la kwanza, na sababu ikawa kwamba hakukagua daraja. Mtu aliyekwenda kwa baiskeli, akaingia na tochi mpaka chini ya nguzo! Mimi leseni yangu ilisalimika, na tajiri akanipa kazi nyingine.

Mvua zilipoanza, mto ukajaa na barabara ikakatika. Watu wa ng'ambo ile walikuwa bado na pamba majumbani. Ililowa, ikabadilika rangi, wanunuzi wakaikataa. Akina mama wale wa vifurushi nilikuwa nawajua kwa majina.

Mama yako alikwenda kwa kaka yake kumuuliza. Shija akamjibu maneno mawili tu: "Muulize mumeo." Akarudi, akaniuliza hapo mlangoni hata kanga ya safari hajaivua. Nikamwambia, "Mimi dereva tu, mke wangu. Wakubwa ndio wanaojua." Aliniamini. Kuanzia siku hiyo hakukanyaga tena kwa kaka yake. Walikuwa wamenyonya ziwa moja, Minza, na walipendana kuliko wale mapacha wa kwao waliozaliwa kabla ya Shija. Niliwatenganisha kwa sentensi mbili.

Uliona mama yako alivyoanza kuugua. Ulikuwa shule ya bweni, huku mwishoni hukuwepo, na jambo hili sijakuambia. Wiki ile ya mwisho nilikuwa namnywesha uji, akasukuma kikombe akasema, "Shija angekuja tu akaomba radhi, ningemsamehe." Nilikuwa nimeshika kijiko. Sanduku la bati lilikuwa chini ya kitanda alichokilalia. Nilichotakiwa kufanya ni kuinama. Nikamwambia, kunywa uji, utapoa.

Basi alikufa akimsubiri kaka yake amwombe radhi kwa kosa langu. Nikilifikiri hilo huwa natoka nje nikazunguke zizi, ng'ombe wenyewe wamenizoea. Najuta, mwanangu. Nilidhani majuto hupungua mtu akizeeka, kumbe hupata nafasi zaidi, maana kazi zimepungua.

Mjomba wako alikuja mazikoni. Alisafiri siku mbili. Alisimama nyuma kabisa kwa sababu watu hawakumpisha. Tulipomaliza akanifuata pale kwenye matofali ya kujengea kaburi.

"Shemeji," akasema, "ile karatasi yako bado unayo?"

"Ilipotea," nikasema. Mbele ya kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado umelowa, nikasema ilipotea.

Akanitazama. "Haya," akasema. Halafu akakuangalia wewe, ulikuwa umekaa na shangazi yako. "Huyu mtoto akimaliza masomo akakosa pa kuanzia, mlete kwangu. Ni wa dada yangu." Akaondoka bila kula. Anafyatua matofali ya saruji huko Morogoro mpaka leo, mtu aliyejua madaraja yetu yote kwa tochi.

Niliacha lobedi mwaka ule ule wa mazishi. Wewe uliamini mgongo uliniuma, na kweli unauma, lakini ungeweza kuuma hata nikiendesha. Sababu ni kwamba kila nikipewa kibali nilikuwa siwezi kukisoma mpaka mwisho.

Sasa unakwenda kukaa upande wa pili wa dirisha. Wataletwa kwako watu kama mimi, na wengi utawapenda, maana madereva ni watu wa maneno matamu. Kuna atakayepitisha tairi moja pembeni ya bamba la mzani, nusu ndani nusu nje. Mwambie arudi nyuma apande vizuri, wala usimtukane. Kuna atakayekanyaga breki gari likiwa bado linasogea ili mzani uyumbe. Kuna atakayekuletea soda baridi saa saba mchana, na soda si kitu, lakini atakuwa na namna ya kukutazama unapoinywa. Na mwenye mtambo mkubwa atakuja na kibali chenye mihuri mizuri, kilichokunjwa vizuri, na atataka ugonge haraka kwa sababu huko mbele kuna watu wanamsubiri. Sijui mbele kuna nini. Pengine kuna ngoma.

Ombi langu ni dogo. Kabla hujagonga muhuri, mwambie akusomee masharti mwenyewe, kwa mdomo wake, mpaka yale yaliyoandikwa kwa mkono pembeni. Atakuona unamchelewesha. Asome tu. Mimi nilikitia kile kibali mfukoni bila kukitamka, na kitu ambacho mdomo haujakitamka ni rahisi sana kusema hukuambiwa. Huenda ningesoma mbele ya mtu ningeshuka mchangani. Huenda nisingeshuka, nilikuwa na kichwa kigumu. Lakini mjomba wako angekuwa na shahidi.

Kibali chenyewe hiki hapa, nimekiambatisha. Kimepasuka kwenye mikunjo, usikifungue kwa nguvu. Ile peni ya buluu imefifia lakini inasomeka: "Daraja la pili lina ufa. Asipite juu. Ashuke mchangani, anisubiri." Na chini, sahihi yake. Tazama alivyobonyeza peni kwenye neno "asipite", imetokeza nyuma.

Nilipanga kuitia barua hii ndani ya sanduku lako, chini ya vitenge, uikute Morogoro mimi nikiwa huku mbali. Nimeandika kurasa hizi zote nikiamini hivyo. Lakini nimefika hapa nikajiona: hiyo nayo ni kupita juu wakati njia yangu ni kule chini, wanakonitazama watu. Tena ningekuwa nakutuma mtoto ubebe kwa mikono yako jambo nililoshindwa kulibeba mimi, na ukaomba radhi ambayo si yako.

Kwa hiyo nimebadilisha. Nakusikia kwenye uchochoro, unamsalimia jirani, unacheka, umebeba sufuria la shangazi. Ukiingia nitakupa barua hii mkononi. Nitakaa kwenye kiti hiki, sitatoka kwenda zizini, mpaka umalize. Ukitaka kuniuliza, uliza. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, ni haki yako. Ila kesho kituoni utaniona na mfuko wangu. Shangazi yako atawaangalia ng'ombe. Mjomba wako aliniuliza swali pale makaburini, na ninakwenda kumjibu kwa mdomo wangu.

Naomba tu unikubalie nikae kiti cha pembeni yako. Ukikataa, nitakaa cha nyuma.

Baba yako,
Maduhu